Nchi Iliyosubiri Kutangaziwa Baridi

Jinsi Sechelela alivyofika Theluma si habari ndefu, na anayetaka hesabu ya siku za njiani hataipata hapa. Itoshe kusema kwamba alitoka kwenye uwanda wa jua kali na vumbi jekundu, akaenda kaskazini mpaka kaskazini yenyewe ikaonekana kuchoka, na huko akapokelewa na watu warefu, wapole, wenye pua nyekundu, ambao neno lao la kwanza kwake lilikuwa, "Hewa ni changamfu leo."

"Changamfu sana," alijibu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kujibu. Meno yake yalikuwa yakigongana.

Alikuwa ameitwa kwa kazi. Kwao alikuwa mpimaji wa hali ya hewa katika kituo kidogo cha wilaya: kibanda kimoja cheupe cha vipimajoto, mkebe wa kupimia mvua, na daftari. Theluma walimhitaji kwa sababu ya sheria yao. Katika nchi ile majira hayaingii wala hayatoki mpaka Baraza la Majira liyatangaze, na tangazo la Baraza halina nguvu mpaka litiwe saini na Shahidi Mgeni, yaani mtu wa mbali asiye na shamba, jamaa wala jiko nchini humo, na kwa hiyo asiye na sababu ya kupendelea majira yoyote. Saini yenyewe huwekwa kila siku, saa sita mchana, kwenye Kitabu cha Majira. Mkataba wa Sechelela ulikuwa wa miezi tisa.

Alianza kusaini wakati wa machipuko. Kisheria majira hayo hufunguliwa siku ua la kwanza la manjano linapoonekana kando ya barabara ya Baraza. Mwaka ule ua la kwanza lilichomoza nyuma ya machinjio, na nyuma ya machinjio hapahesabiwi. Kwa wiki tatu watu walitembea wakiruka maua ili wasiyakanyage, wamevaa makoti mazito ya baridi, jasho likiwatiririka shingoni, wakingoja ua la serikali. Lilipotokea, liliwekewa mlinzi.

Kisha kikaja kiangazi. Kiangazi cha Theluma mwaka ule kilikuwa cha siku tisa, na nne kati ya hizo zilitangazwa baadaye, zilipokwisha pita. Jua lilipotokeza kengele iligongwa, na sheria ikamtaka kila mtu atoke nje, ainue uso, na afurahi kwa muda usiopungua saa mbili. Wakaguzi walizunguka na madaftari kutazama nyuso. Fundi mmoja alikutwa ndani akishona kiatu. Hakupigwa wala hakufungwa, maana Watheluma si watu wakatili. Aliamriwa amwandikie jua barua ya kuomba radhi na kuisoma sokoni kwa sauti. Aliisoma mvua ikimnyeshea. Hakuna aliyecheka. Sechelela alimtazama yule fundi akiikunja karatasi iliyolowa na kuitia mfukoni kwa uangalifu, akashikwa na huruma ambayo hakujua aipeleke wapi. Katika wiki zile giza halikuingia kabisa. Jua lilizunguka pembeni mwa mbingu kama mgeni asiyejua kuaga, na watu wote walikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi, wakiambiana kwamba wamefurahi.

Baada ya hapo yalikuja mapukutiko, majira ya majani kuanguka, na mapukutiko hayakwisha.

Alikuwa amepangishwa chumba kwa Bibi Solvei, mjane wa miaka themanini na moja, mfupi kuliko Watheluma wengine, mwenye ulimi mwepesi. Marehemu mumewe alikuwa mpiga chapa wa matangazo ya Baraza. Bibi huyo alimpenda Sechelela tangu siku ya kwanza kwa sababu mgeni alinyamaza; wapangaji waliotangulia, alisema, walikuwa na maneno kama redio.

Sebuleni kwake palikuwa na jiko la chuma, jeusi, limesimama juu ya miguu minne. Mlango wake ulifungwa kwa uzi mwekundu, na juu ya fundo la uzi paligandishwa lakiri yenye muhuri wa Baraza. Majiko yote ya Theluma hutiwa lakiri siku baridi inapotangazwa kuwa imekwisha, na hayafunguliwi mpaka itangazwe tena. Atakayevunja lakiri kabla ya wakati hupoteza haki ya kuwa na jiko maisha yake yote. Na neno lenyewe, baridi, halitamkwi kabla ya tangazo, kwa kuwa hutia watu hofu. Husemwa kwamba hewa imechangamka.

Mwezi wa kumi hewa ilichangamka. Mwezi wa kumi na moja ilichangamka mpaka maji ya kunawia yakaganda kwenye beseni, na ziwa lililo chini ya mji likawa jeupe, watu wakalivuka kwa miguu kwenda sokoni. Saa tisa alasiri giza liliingia. Asubuhi halikutoka kabisa, lilipauka tu. Sechelela alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi haukuuondoa; aliamka nao na kuuvaa pamoja na soksi.

Bibi Solvei alianza kukohoa.

"Usiniangalie hivyo, mwanangu," alisema asubuhi moja. Alikuwa ameketi mbele ya jiko lililokufa, amevaa koti la marehemu mumewe na kofia yenye masikio, akivunja mkate mgumu kwa nyundo ndogo ya jikoni. "Hiki ni kikohozi cha uchangamfu."

"Bibi, midomo yako ni ya buluu."

"Inalingana na macho." Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu, akajishika kifua mpaka kikapita. "Unajua mwaka jana baridi ilitangazwa lini? Mwezi wa pili, tarehe ishirini. Ilikaa siku kumi. Tuliota moto siku kumi, tukatiwa lakiri tena."

"Na kabla ya tarehe ishirini mlifanyaje?"

"Tulizika." Alisema kama mtu anayetaja kazi ya bustani. "Jirani yangu Bwana Edvin. Yule mwalimu wa kinanda. Dada zangu wawili, miaka ya nyuma. Waliandikiwa kwamba wamekufa kwa mapukutiko."

Sheria ya kutangaza baridi ilikuwa fupi: kipimajoto cha Baraza kioneshe chini ya sifuri kwa siku tatu mfululizo, saa sita mchana. Kila siku saa sita Sechelela alisimama uani pamoja na Katibu wa Majira, Bwana Hargrim, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole na miwani iliyofunga ukungu. Kila siku Bwana Hargrim aliinama kwenye kipimajoto na kusoma kwa sauti: nyuzi nne juu ya sifuri. Nyuzi tano. Nyuzi nne. Sechelela aliinama baada yake, akaona ni kweli, zebaki iko pale pale, akasaini. Matone ya wino yaliganda kwenye ncha ya kalamu kabla hajamaliza jina lake.

Siku ya mwisho ya wiki moja aliteleza kwenye barafu ya ua ule. Alinyoosha mkono asianguke, na kiganja chake kikatua ukutani, karibu na kipimajoto.

Ukuta ulikuwa na joto. Lilikuwa joto la kweli, kama la ubavu wa ng'ombe. Aliuacha mkono pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana ilikuwa wiki ya sita tangu mkono huo upate joto.

"Nyuma ya ukuta huu pana nini?" aliuliza.

"Jiko la chai la Waheshimiwa," alisema Bwana Hargrim.

"Linawaka?"

"Mchana na usiku. Wanafanya kazi ngumu."

"Halina lakiri?"

Bwana Hargrim alimtazama kwa subira ya mtu anayefundisha. "Baraza haliko ndani ya majira, Bi Shahidi. Linayahukumu. Hakimu haketi upande wa mshitakiwa."

Chuoni, somo la kwanza kabisa alilofundishwa Sechelela lilikuwa hili: kipimajoto hakining'inizwi ukutani. Hukaa kwenye kibanda chake cheupe, juu ya majani, mbali na nyumba, upepo upite. Alikuwa mwanafunzi mwoga asiyenyanyua mkono darasani, lakini hilo alilijua. Kesho yake akaomba kusema barazani, akasema, kwa sauti ndogo iliyobidi irudiwe na karani.

Baraza la Majira lina vyama viwili. Wa upande wa kulia ni Chama cha Bado, na wa kushoto ni Chama cha Karibu. Walikuwa wamevaa mashati mepesi, mikono imekunjwa, na mashavu yao yalikuwa mekundu.

"Waheshimiwa," alisimama mzee mmoja wa Bado, "mimi nina miaka sabini. Sijawahi hata mara moja kuona baridi ikija kabla haijatangazwa."

"Kweli! Kweli!" wenzake wakapiga meza.

Akasimama mama mmoja wa Karibu, mwenye sauti nzuri. "Mheshimiwa aliyekaa anapuuza mateso ya wananchi. Sisi tunasema baridi iko karibu. Tulisema jana, tunasema leo. Iko karibu kuliko ilivyokuwa mwaka jana wakati kama huu!" Alipigiwa makofi mpaka kwenye viti vya wageni.

"Lakini ziwa limeganda," alisema Sechelela.

"Ziwa si kipimajoto," alijibu Mwenyekiti, bila ukali.

Iliundwa kamati. Kamati ilikutana siku tano, kwenye chumba cha chai, na matokeo yake yalisomwa hadharani: ukuta hauwezi kuwa na joto, kwa kuwa joto hutoka kwenye majiko, na majiko yote nchini yamefungwa kwa lakiri, kwa kuwa baridi haijaingia. Shahidi Mgeni alishukuriwa kwa bidii yake. Ilipendekezwa apewe glavu.

Aliporudi nyumbani na zile glavu, Bibi Solvei hakuwa kwenye kiti. Alikuwa amelala, na pumzi yake ilitoa sauti kama karatasi inayokunjwa. Sechelela alimlalia ubavuni amgawie joto la mwili wake.

"Bibi, nivunje ile lakiri."

"Hapana." Bibi alifungua jicho moja. "Uzi ule aliufunga mkaguzi Ydda, mimi nilimfundisha kusoma. Nitamtazamaje? Na wewe utaondoka. Mimi ndiye nitakayebaki mwenye jina la mvunja lakiri, na mwakani sitakuwa hata na jiko la kusubiri."

"Mwakani?"

"Usinichekeshe, kifua kinauma."

Ilikuwa kweli kwamba angeondoka. Siku zake zilikuwa zimebaki nne, kisha tatu. Chini ya mto alikuwa na barua ya mama yake: mvua za kwanza zimenyesha, ardhi imelegea, tunakungoja tupande, na godoro lako nimelianika. Aliisoma mara nyingi mpaka ikalainika kama kitambaa. Alichotamani hakikuwa kikubwa. Alitaka kusikia harufu ya vumbi linapopata tone la kwanza, kisha alale.

Lakini barua ile ilikuwa na upande wa pili usioandikwa, na kila alipoikunja aliukumbuka. Mwaka wake wa kwanza kazini mvua ya msimu mzima ilikuwa milimita tisini na mbili. Afisa mmoja alikuja kituoni na soda mbili, moja yake na moja ya Sechelela, akaketi kwenye benchi, akazungumza kwa upole. Ikiandikwa tisini na mbili, wilaya itatangazwa kuwa na njaa, na njaa ni neno baya, linatia watu hofu. "Weka mbili tu mbele, binti. Mia mbili tisini na mbili. Tarakimu moja." Sechelela alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Hakujua namna ya kumkatalia mtu aliyemletea soda. Aliandika mbili, akasaini.

Wiki chache baadaye jirani yao, Mama Mazengo, alikuja mpaka kwenye uzio wa kituo, ameshika ndoo tupu. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia: "Mwanangu, redio imesema kwetu mvua imenyesha. Ilinyesha upande gani?"

Swali lile alikuwa amelibeba mpaka Theluma, na hakuwa amelijibu.

Siku ya mwisho ya mkataba alikwenda uani saa sita, begi lake likiwa mgongoni. Bwana Hargrim alikuwa na Kitabu kwapani na hati ya kusafiri mkononi, imekwisha pigwa muhuri. Aliinama. "Nyuzi nne juu ya sifuri. Mapukutiko yanaendelea. Hapa kwa leo, Bi Shahidi, kisha hapa kwa siku zote hadi machipuko, na safari njema. Tutakukumbuka."

Sechelela alikwenda kuchukua kipimajoto chake kidogo, cha kazini kwao, alichokuja nacho ndani ya kasha la mbao. Alikuwa amekitundika tangu alfajiri kwenye mti, katikati ya ua, kivulini, mbali na ukuta. Alimwonesha. Chini ya sifuri, nyuzi kumi na tisa.

"Hicho si cha Baraza," alisema Bwana Hargrim kwa upole.

"Najua."

"Basi saini."

"Siwezi, bwana."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kulisema neno hilo kwa mtu mwenye muhuri. Aliegemea ukuta, na ukuta ukampa joto lake bila ubaguzi.

Bwana Hargrim alishusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Binti, sikiliza. Usiposaini, siku ya leo haina majira. Na siku isiyo na majira, sheria zote za majira zinalala. Hati yako inatolewa kwa sheria hizo hizo. Hutaondoka. Kesho nitakuja tena na Kitabu, na keshokutwa. Shahidi mwingine haitwi mpaka machipuko. Unajitafutia nini?"

"Zote zinalala?" aliuliza Sechelela.

"Zote."

"Na ile ya lakiri?"

Bwana Hargrim alivua miwani. Aliipangusa kwa ncha ya skafu, akaivaa, akaivua tena. Ukungu haukutoka.

"Hakuna shahidi aliyewahi kukataa," alisema mwishowe. "Swali hilo sijawahi kuulizwa."

"Naomba uniandikie jibu lake."

Bwana Hargrim alishika kalamu. Mikono yake, Sechelela aliona sasa, ilikuwa imepasuka kwa baridi mpaka damu. Katibu hufanya kazi uani, si kwenye chumba cha chai. Kisha akafungua Kitabu, akaandika kwenye mstari wa siku ile: *Haina majira.* Chini yake, kwa herufi ndogo: *Lakiri hazina nguvu leo.* Akapiga muhuri, akaichana nakala, akampa. Hati ya kusafiri akairudisha mfukoni mwake.

"Nyumbani kwangu," alisema akitazama pembeni, "nina watoto watatu." Akaenda zake upesi, karibu akimbie.

Sechelela alipomsomea Bibi Solvei ile karatasi, bibi aliomba aisome mwenyewe. Akaigeuza, akaisogeza dirishani, akakagua muhuri kwa kidole, kama mke wa mpiga chapa. Kisha akanyoosha mkono apewe mkasi, akatambaa mpaka kwenye jiko na kukata uzi mwekundu. Lakiri ilianguka sakafuni, ikavunjika vipande viwili.

Kuni zilikuwa kavu mno, zimekaa mwaka mzima. Moto ulishika mara moja.

Kabla ya saa tisa moshi wao ulikuwa umeonekana. Mkaguzi Ydda alikuja amevaa kofia ya kazi, akasoma karatasi akiwa mlangoni, akaisoma tena, akaomba ainakili. Nakala ile ikapita mtaa hadi mtaa. Giza lilipokuwa likiingia, Sechelela alisimama dirishani akaona dohani moja ikitoa moshi upande wa pili wa barabara, kisha ya nyumba ya kona, kisha akaacha kuhesabu. Kutoka upande wa Baraza ilisikika kengele, na mpiga mbiu akipita akitangaza kwamba kinachoonekana juu ya mji ni ukungu wa kawaida wa mapukutiko, na wananchi wasiwe na wasiwasi.

Alifungua begi, akatoa soksi zake, akazirudisha kwenye droo. Machipuko yalikuwa mbali, miezi mitatu kama ua litafanya haraka na kuota mahali panapohesabiwa. Mama yake angepanda bila yeye. Kila siku saa sita angesimama tena uani mbele ya Kitabu na kulisema lile neno moja, na alijua kwamba halitakuwa jepesi siku ya pili kuliko ya kwanza.

Bibi Solvei alikuwa amevua kofia. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimelala upande mmoja kama za mtoto aliyetoka kulala, na midomo yake ilikuwa ikirudiwa na rangi. Alinyoosha viganja vyote viwili kuelekea moto, akavitazama kwa mshangao. Halafu alisema, taratibu, akijaribu neno ambalo mdomo wake haukulizoea:

"Nilikuwa nasikia baridi."

"Tangu lini, bibi?"

Bibi alifikiri. Alihesabu kwa vidole, akamaliza mkono mmoja, akaanza wa pili, akarudi wa kwanza.

"Tangu walipojenga lile jiko la chai," alisema.